Nife Kiu Katikati ya Ziwa

Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, karibuni kwenye matatizo yangu. Naitwa Mwesiga, jina ambalo kwetu Uhayani hupewa mtu wa kuaminika. Chekeni mapema, maana mbele huko sijui kama mtapata nafasi.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilipofikia. Nina duka la stesheneri karibu na stendi ya Bukoba. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu wanaoomba kazi. Nina mchumba, Nancy, mwalimu wa shule ya msingi kwao Muleba. Posa ilipokelewa, na matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa kanisani mara mbili. Limebaki la tatu, la Jumapili.

Na nina siri. Siku moja ya mvua, dukani hakuna hata nzi, nilikaa nikatengeneza video ya kuchekesha kwa akili mnemba. Sekunde hamsini tu.

Mzee wa Kihaya amekaa ndani ya mtumbwi, kavaa suti na tai, miwani iko kwenye ncha ya pua. Mbele yake sangara amesimama kwa mkia na bahasha ya vyeti kwapani. Mzee anamsaili kwa Kiingereza kabla hajakubali kumla. Sangara anafeli swali la pili, mzee anamrudisha ziwani akasome kwanza. Kisha anageukia kamera na kusema nyumbani kwake hajawahi kuliwa samaki asiye na elimu. Anamalizia kwa kiapo: "Kama nasema uongo, nife kiu katikati ya ziwa."

Sura ya mzee sikumwibia mtu. Nilichukua picha yangu mwenyewe ya pasipoti, nikaiambia programu moja inizeeshe miaka arobaini. Programu ya pili ikampa mwili na mwendo, ya tatu ikampa sauti. Jaribio la kwanza lilimpa vidole saba kwenye mkono mmoja. La pili lilimvalisha sangara hereni. La tatu likatoka safi. Nikairusha mtandaoni kwa jina la Kisiwa TV, na chini yake nikaandika "Goziba", kwa sababu tu video ina maji na Goziba ni kisiwa.

Jina langu sikuliweka. Nancy alishaniapisha niache uchekeshaji, tangu ile aibu ya mwinjilisti na mbuzi niliyowasimulia wiki tatu zilizopita.

Video ile ilifika mbali kuliko nilikowahi kufika mimi. Buhembe, ninakopanga, watoto wakigombania mpira wanaapa kufa kiu katikati ya ziwa. Mama muuza vitumbua anaapia vitumbua vyake. Mimi napita katikati yao nimebana mdomo, nacheka kwa ndani peke yangu kama mwizi.

Ijumaa jioni simu ikaita. Alikuwa Mama Magdalena, mama yake Nancy.

Mwanamke yule hapigi simu, hupigiwa. Aliniambia niende Muleba kesho yake asubuhi, nivae vizuri, na nisimwambie mtu. Akakata kabla sijamaliza kuitika.

Nikajua nimegundulika.

*

Nancy alinipokea pale njia ya kwao inapoingia kwenye kibanja, shamba la nyumbani. Macho yalikuwa mekundu. Nilimuuliza kuna nini, akaniambia nisimkatishe mama yake akiongea, basi. Tukapita katikati ya migomba.

Sebuleni Mama Magdalena alikuwa amevaa gauni la kanisani, siku ya Jumamosi. Mezani kulikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni wa heshima. Nilichukua punje mbili, nikazitafuna, na sikusikia ladha yoyote.

Nyuma yake, kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyekikalia, kulikuwa na koti la kiume la zamani. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi.

Akachukua simu ya Nancy, akabonyeza mwenyewe. Mzee wangu akatokea na mtumbwi wake na sangara wake. Aliitazama video mpaka mwisho na hakutabasamu hata kidogo.

"Unamjua huyu?" akaniuliza.

Nilishafungua mdomo kusema nisamehe, mama, ni utoto tu. Yeye akaniwahi.

"Huyu ni mume wangu."

Niwaeleze wale ambao hawajui. Baba yake Nancy aliitwa Lwakatare. Nancy akiwa na miezi miwili, Lwakatare alikwenda Goziba kuvua, na hakurudi. Boti zilirudi, watu walirudi, yeye hakuonekana. Walingoja mwaka mzima, kisha wakakaa msiba usio na maiti. Hayo yalitokea miaka ishirini na saba iliyopita. Siku ya posa mahali pa baba wa binti alikaa baba yake mdogo, na sote tukasema marehemu apumzike.

Sasa Mama Magdalena aliniambia marehemu hajapumzika. Yuko Goziba, amezeeka, na ana suti. Alisema hayo kwa utulivu, kama anayenisomea ratiba. Jumatatu angepanda boti na watu wa ukoo kwenda kumleta. Koti lile alilofungia ndoa lilikuwa tayari. Na ndoa yetu ingesimama, kwa sababu haiwezekani binti atolewe na baba mdogo wakati baba mzazi anapumua. Tangazo la tatu angemwomba mchungaji alizuie.

Kisha akanigeukia. Alisema mimi ni mtoto wa mjini, najua mambo ya simu. Kazi yangu ilikuwa moja: nimtafute aliyepiga video ile, anionyeshe kambi ambako mzee anakaa.

Jamani, nilikuwa natumwa kwenda kujitafuta mimi mwenyewe.

Nikamtazama Nancy. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti, na usoni nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Alikuwa anatumaini. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba alikuwa anamngoja baba yake arudi kutoka kazini.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mama, huyo mzee hayupo," nilisema. "Nimemtengeneza mimi."

Nancy alisema neno moja tu, "Wewe?" Halafu akageuza uso kuelekea dirishani.

Mama Magdalena hakukasirika. Nilieleza kila kitu, picha, programu, sauti, vidole saba. Nikamwambia hata sangara hawezi kusimama kwa mkia, mama, tazama mwenyewe. Akanijibu kwamba ya sangara hana habari nayo, sangara ni wangu, nimtengeneze nitakavyo. Yeye anamzungumzia mume wake.

Nikasema watu hufanana. Akakubali, hufanana. Kisha akasogea mbele kwenye kiti.

"Na kile kiapo, nani aliiambia mashine yako?"

Nikachukua punje nyingine ya akamwani.

Alisema kiapo kile alikitunga Lwakatare. Ndugu zake walikuwa wakimcheka kwa kiapo hicho, na hakuna mwingine Muleba nzima aliyekitumia. Usiku wa harusi yao alimshika mkono akamwapia kwamba hana mwanamke mwingine duniani, na kama anasema uongo, afe kiu katikati ya ziwa. Tangu mumewe aondoke, yeye hajawahi kukisikia tena kinywani mwa mtu. Sasa kimetoka kwenye simu, kutoka Goziba, kwa mtu mwenye sura ile ile. Mimi nimwambie ni mashine?

Ndugu wasomaji, mimi nilijua nilikokitoa kiapo kile.

Nilikitoa kwa mama yangu, Alistidia, anayeishi Kagondo. Anaapa hivyo tangu nina akili. Anakiapia chumvi, anakiapia kuku waliotaga kwa jirani, anakiapia mvua. Nilidhani ni utani wake wa asili. Nilipokosa maneno ya kumalizia video, nikachukua ya mama.

"Nilikiokota mtaani tu," nikasema.

Huo ukawa uongo wangu wa kwanza siku ile.

*

Aliyeniingiza shimoni kabisa ni Nancy, na alifanya hivyo kwa nia njema.

Aligeuka kutoka dirishani, akafuta macho, akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba dawa ni moja. Nitengeneze nyingine pale pale, mama yake aone kwa macho yake. Akiona mzee anavyozaliwa, ataamini kwamba hakuna mzee.

Niliona ni akili nzuri. Dakika mbili tu na harusi yangu imepona. Ndani ya nyumba mtandao ulikuwa unakata, kwa hiyo tukatoa viti nje, karibu na tanki la maji ambako simu hushika. Mama Magdalena akakaa katikati yetu. Nilimpa simu yangu aishike mwenyewe, asije akasema nimefanya kiinimacho.

Nikafungua picha yangu ya pasipoti. Nikamwonyesha: huyu ni mimi, Mwesiga, shati ndilo hili nililovaa siku ya posa. Akaitikia. Nikamwelekeza mahali pa kuweka kidole. Programu ile ina mstari mdogo chini ya picha. Ukivuta kidole kulia, miaka inaongezeka. Ukirudisha kushoto, inapungua.

"Vuta taratibu," nikamwambia. "Utaniona nazeeka."

Akavuta. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nancy alikuwa ameinama begani kwake, ameanza kucheka. Mashavu yangu yakakaza, nywele zikarudi nyuma kidogo, chini ya macho pakaingia kivuli.

Kwenye mwaka wa sita kidole cha Mama Magdalena kikasimama.

Nilimwambia aendelee, mzee bado, mvi zinaanza mbele kabisa. Hakuendelea. Aliisogeza simu karibu, kisha akainyoosha mbali, kisha akaiweka mapajani na kunitazama mimi. Akaitazama simu. Akanitazama mimi.

Lwakatare, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa na miaka thelathini na mitano siku alipopanda boti. Mzee wa suti ilibidi Mama Magdalena amkisie. Huyu hakumkisia, huyu ndiye aliyemfungia chakula cha safari.

"Mama umeona?" Nancy alisema. "Ni Mwesiga. Hakuna mtu mwingine humo."

"Nimeona," mama yake akajibu.

Akamwomba Nancy akaangalie ndizi jikoni zisije zikaungua. Nancy akaenda. Mama Magdalena alingoja mpaka mlango wa jiko ukafungwa.

"Baba yako alikuwa anaitwa nani?"

Nilimjibu kwamba alifariki kwa malaria kabla sijazaliwa. Akasema hajaniuliza alikufaje. Nikasema nimelelewa na mjomba Rugambwa, kaka yake mama, na jina lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa ni la mjomba. Nyumbani baba yangu huitwa marehemu. Nikimtaja, naambiwa marehemu asisumbuliwe. Ukikua hivyo, unazoea. Sikuwahi kuona aibu ya jambo hilo mpaka siku ile, pale karibu na tanki la maji, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa asiyejua jina la baba yake.

"Na ukoo mliotaja siku ya posa?"

Hapo nami nikaliona kosa. Siku ya posa wazee waliuliza ukoo wetu na muziro wetu, yaani kile ambacho ukoo haukili. Ndivyo inavyofanyika ili damu moja isioane. Mjomba Rugambwa akasimama na kutaja ukoo wake na muziro wake. Havikugongana na vya upande wa Nancy, watu wakapiga makofi, chakula kikaletwa. Hakuna aliyeuliza kama ukoo ule ni wa baba yangu au ni wa mama. Mjomba alivitaja kwa sauti kubwa, na mimi niliyekaa pembeni yake nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mama Magdalena alisema siku aliyoniona mara ya kwanza alinipenda bila sababu, akadhani ni heshima zangu. Alisema hivyo bila kunitazama.

"Nenda kwa mama yako leo hii," akasema. "Kesho ibada ni saa nne. Ukija na jina lingine la baba, nitapiga vigelegele mwenyewe. Usipokuja nalo, mchungaji akiuliza mwenye pingamizi, nitasimama mimi. Na Nancy usimwambie kitu mpaka ujue."

Akaingia ndani. Kupitia mlangoni nilimwona akilitoa koti kwenye kile kiti na kulikunja, mkono mmoja juu ya mwingine.

Nancy alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia bila ukali kwamba asubuhi nimemrudishia baba na mchana nimemuua. Nikasema nisamehe. Akasema ameshanisamehe, akanishika kidole kimoja kama afanyavyo tukiwa njiani ambako watu wanatuona.

"Angalau sasa hakuna unachonificha," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Ulikuwa uongo wangu wa pili siku ile, na huo sikuufungulia hata mdomo.

*

Nilifika Kagondo jua bado liko juu ya migomba. Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba juu ya jamvi, anamenya ndizi za jioni na kuzitupia kwenye sufuria ya maji. Alifurahi kuniona. Nikakaa chini, nikachukua kisu cha pili, nikaanza kumenya.

"Mwanaume anayemenya ndizi ana shida," akasema.

Sikuwa na namna ya kuizunguka. Nilimuuliza baba alikufaje. Akajibu kwa malaria, kabla hujazaliwa, umeshaambiwa, na ndizi hiyo unaipunguza mno. Nikamuuliza aliitwa nani. Akasema marehemu asisumbuliwe.

Simu ya mama ni kitochi, haionyeshi video. Watu wote wa Kagondo walikuwa wameshamwona mzee wangu wa sangara isipokuwa yeye. Nikatoa simu yangu. Picha ilikuwa bado pale pale ambapo Mama Magdalena aliiacha, mwaka wa sita. Nikaiweka mbele yake juu ya jani la mgomba, katikati ya maganda.

Kisu chake kikasimama. Kisha kikaendelea, lakini sasa kilikuwa kinakata ndizi pamoja na ganda lake.

"Unamjua huyu, mama?"

"Simjui."

"Mama."

"Simjui, Mwesiga. Kama nasema uongo, nife..."

Kisu kikabaki juu ya ganda.

Nilingoja. Nimekisikia kiapo hicho mara elfu katika maisha yangu, kwa chumvi, kwa kuku, kwa mvua, na hata siku moja hakijawahi kukatika. Kuku wa jirani alipita akadonoa ganda, hakuna aliyemfukuza. Mama alitazama ile picha, midomo inacheza, na neno linalofuata halikutoka.

"Lwakatare," nikasema mimi.

Akaweka kisu chini.

Alinisimulia bila kulia, na mimi nitawasimulia kwa ufupi kwa sababu ni mama yangu. Lwakatare alikuwa akija Bukoba kuuza kahawa. Alimwambia hana mke, akamwapia kwa ziwa. Mama akamwamini. Alipopata habari kwamba mtu huyo ana nyumba na mke wa kanisani Muleba, mimi nilishafika miezi mitano tumboni. Mjomba Rugambwa akasema mtoto atapewa jina lake yeye mjomba na ukoo wake, na mambo yameisha. Mama alikubali. Kilichobaki kwake kutoka kwa mtu yule ni mimi na kiapo.

"Siku ya posa ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

Akasema hakujua. Kule binti alitambulishwa kwa jina la baba mdogo, na yeye alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Magdalena hakuwahi kumwona kwa macho kabla ya siku ile. Muleba ni kubwa.

Basi, nilisema. Nancy ni dada yangu. Nilisema kwa sauti ili masikio yangu yaanze kuzoea. Nikamwambia yote yamekwisha, kesho saa nne Mama Magdalena atasimama kanisani na kuweka pingamizi, na ana haki.

Mama akainua uso.

"Atasimama? Magdalena?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akafuta utomvu wa ndizi mikononi kwa majani makavu, kidole baada ya kidole.

"Lwakatare alipita hapa siku anakwenda Goziba," akasema. "Ulikuwa unajifunza kuongea. Alikaa hapo ulipokaa. Aliniambia kwa nini anaondoka na kwa nini hatarudi. Kabla Magdalena hajasimama mbele za watu, mwambie akuapie kwamba Nancy ni mtoto wa Lwakatare. Akuapie kwa kiapo hicho hicho. Na akimalizie."

Sitawaficha, ninyi nimeshazoea kuwaungamia. Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilifurahi. Nancy si dada yangu, niliwaza, tangazo litasomwa, harusi ipo.

Halafu nikaelewa kilichowekwa mbele yangu. Nikinyamaza, nampoteza Nancy kesho saa nne. Nikitaka kumwoa, itabidi niende Muleba nikamvue baba aliyemngoja maisha yake yote, na mama yake nimvue heshima, na kanisa zima likae kutazama. Na haya yote kwa neno la nani? Kwa neno la Lwakatare, mtu aliyewaapia wanawake wawili kwa ziwa moja.

Nilimuuliza mama kama yeye anaamini. Akasema alimwamini mara moja, na matokeo yake ni mimi.

Simu ikalia juu ya jani. Ujumbe kutoka kwa Nancy, na picha mbili. Ya kwanza ilikuwa picha ya harusi iliyokatwa katikati, amebaki mwanaume peke yake na koti lile. Ya pili ilikuwa ya Nancy mwenyewe, amejipiga muda ule ule karibu na tanki la maji, anatabasamu.

Chini yake aliandika hivi: "Nimemtoa baba kwenye albamu ya mama. Tangu utotoni watu wananiambia sifanani naye hata kidogo. Wewe mwenye mashine, tuweke pamoja uniambie tunafanana wapi. Nataka nijue kesho kabla ya tangazo."

Nilizitazama picha zote mbili. Yule mwanaume alikuwa na paji langu, nyusi zangu, na ule mdomo wangu ulioinama upande mmoja. Nikatafuta kwa Nancy. Nikaanza juu, nikashuka taratibu, nikarudia tena juu.

Mama aliniuliza ni nani.

Nikasema ni mteja, anataka picha.

Aliokota kisu, akachukua ndizi nyingine, wala hakuniambia niape.